Jinsi ya Kumzika Rafiki Yako Angali Hai

Kwanza kabisa, tafuta marafiki wanaokuzidi. Ukikaa na watu wa kawaida utaambulia matusi ya kawaida. Oliver Goldsmith, Mwairishi aliyesomea udaktari akaishia kuandika vitabu, alichagua vizuri. Jijini London alikula meza moja na David Garrick, mwigizaji aliyewafunika wenzake wote. Edmund Burke, mbunge. Na Joshua Reynolds, mchoraji aliyekuwa mzito wa kusikia.

Pili, usiwe na ulimi mwepesi. Hilo ni sharti. Goldsmith akishika kalamu alitoa riwaya ya The Vicar of Wakefield. Akifungua mdomo alitoa vichekesho asivyovikusudia. Ndipo jioni moja, katika nyumba ya kahawa ya St James's, wenzake wakaanza kumtungia beti za kaburini. (Watani wetu angalau husubiri msiba.) Garrick alimmaliza papo hapo kwa mishororo miwili: kalamu yake aliipandisha mbinguni, mazungumzo yake akamwachia kasuku. Watu wakacheka. Goldsmith akakosa la kusema.

Wewe nawe ukose. Jibu la papo kwa papo husahaulika kabla bili haijaletwa. Nenda nyumbani, funga mlango, nuna hadi kinuno kipate vina. Goldsmith alitoka na shairi refu, Retaliation, ambamo aliwaalika wote karamuni, si kama wageni bali kama chakula. Burke akawa ulimi uliopambwa kwa ubongo. Garrick akawa saladi: mafuta, siki, sukari na chumvi, vyote sahani moja. Kisha, karamu ikiisha, mwenyeji akawazika mmoja mmoja.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hufeli. Hudhani kejeli ni kusaka aibu ya mtu, wakati aibu imejaa njiani, mpita njia yeyote huiokota. Kwamba hotuba za Burke zilikuwa ndefu hata wabunge wakatoka kwenda kula, London nzima ilijua. Goldsmith aligusia hilo, lakini hakuishia hapo. Alidai kwamba huyu bwana alizaliwa na akili ya kuwatosha wanadamu wote, naye akaenda kuikabidhi kwa chama cha siasa. Jaribu kulikasirikia hilo, utagundua umesifiwa. Jaribu kushukuru, uone!

Kwa Garrick alikuwa mkali zaidi, na nadhani ndipo alipofika kileleni. Alisema kwamba jukwaani Garrick ni mtu wa kawaida asiye na madoido; akishuka tu, anaanza kuigiza. Adui hawezi kuandika hivyo, kwa sababu adui hununua tiketi na kurudi kwake. Sharti uwe umekula na mtu huyo mara nyingi mno.

Hatua inayofuata ni kufa. Ni ngumu, ila inazuia majibu. Goldsmith alifariki tarehe 4 Aprili 1774, akiacha madeni ya pauni zipatazo 2,000 na shairi ambalo beti zinazomhusu Reynolds hazikuwa zimekamilika. Lilichapishwa mwezi huohuo. Burke aliposikia habari za msiba alilia. Reynolds aliweka brashi chini, hakuchora tena siku hiyo.

Onyo moja: chagua mapema wa kukuandikia kumbukumbu ya kweli. Kazi hiyo ilimwangukia Samuel Johnson, yuleyule wa kamusi kubwa ya Kiingereza ya mwaka 1755, naye akamkumbuka bingwa wa Kiingereza kwa Kilatini. Mwaka 1776 marafiki walikutana mezani kwa Reynolds wakaandika ombi kwamba maneno hayo yawe ya Kiingereza. Mashujaa hawa, waliozoea kuzikana kwa beti, walisaini kwa kuyazungusha majina yao duara, pasiwe na jina la kwanza. Reynolds ndiye aliyetumwa kulipeleka. Johnson alilipokea kwa ucheshi, kisha akakataa katakata: hatazitia aibu kuta za kanisa la Westminster Abbey kwa Kiingereza. Kilatini kikachongwa.