Tunaomba Kituo Kichelewe kwa Utaratibu

Kwa: Waheshimiwa Wapangaji wa Usafiri na Vyuo Vikuu

YAH: MAOMBI YA KUCHELEWESHEWA KITUO CHA CHUO, SUMBAWANGA

Waheshimiwa,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Tunashukuru kwamba Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kina ndaki yake hapa Rukwa. Kuhusu kituo cha daladala langoni, msijisumbue. Historia tunaijua, na tunaomba tutendewe kama Mlimani.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 Mtaa wa Lumumba, katika jengo la TANU, mjini kabisa. Kosa hilo lilisahihishwa mwaka 1964: chuo kikapandishwa Mlimani, kilomita 13 hivi kutoka katikati ya jiji. Shirika la mabasi ya jiji, UDA, likaundwa mwaka 1974. Mabasi yake yalipozidiwa, mwaka 1983 Serikali ikaruhusu ya watu binafsi, na daladala zikajitafutia abiria na mahali pa kusimama. Mei 2016 usafiri wa mabasi ya mwendokasi ukaanza, ukashika Barabara ya Morogoro na kuupita mlima kwa heshima zote. Barabara ya Sam Nujoma, ile inayopita kando ya chuo, ikawekwa awamu ya nne ya mradi huo. Toka 1964 hadi 2016 ni miaka 52. Mkitupa kituo kabla ya miaka kama hiyo kutimia, mtakuwa mmetupendelea.

Pengine mmesikia kwamba watu wa Sumbawanga husafiri kwa ungo, mkaona daladala ni ufujaji wa fedha za umma. Tunawaarifu kuwa wanafunzi hutoka mikoa mbalimbali, na somo la ungo halimo kwenye mtaala. Isitoshe, ungo hauna leseni ya LATRA, hautoi tiketi, na upepo wa Ufipa mwezi Juni haumhurumii abiria aliyekaa nje.

Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, kilomita 223 hivi, ilipata lami kupitia mkataba wa fedha za Marekani uliosainiwa mwaka 2008. Kijana anafika mjini bila vumbi. Akishuka stendi na begi, ndoo na godoro, ndipo safari inapoanza: bodaboda inapanga bei kwa kulitazama godoro. Kilomita mia mbili zilipata mkandarasi na mfadhili. Zile chache za mwisho zimeachiwa maelewano.

Ikitokea mmeamua kuvunja desturi, njia ya daladala ya chuo isajiliwe na nauli yake itangazwe kabla ratiba ya masomo haijabandikwa. Kibanda chenye paa na taa kiingie kwenye bajeti ile ile ya madarasa. Mkiona ni ghali, basi andikeni nauli ya bodaboda kwenye fomu ya ada, mzazi ajue mapema chuo kinamgharimu kiasi gani.

Wenu katika foleni,
Mkazi wa Sumbawanga

Nakala: Kijiwe cha bodaboda – kwa taarifa tu, si kwa kupandisha bei.