Picha Inayosomwa

Katika sanaa zote alizobuni binadamu sijaona iliyo nyepesi kuanzwa na nzito kutiishwa kama kolaji, ile picha ya vipande vya kubandika. Kwa sababu mchoraji huiamrisha rangi nayo ikatii, ilhali mwenye mkasi na gundi hutumikisha vitu vilivyokwisha kuajiriwa penginepo, na kila kipande huja na tabia za bwana wake wa kwanza.

Mwalimu wa darasa letu la jioni hapa Mombasa alitusimulia kwa taadhima jinsi Picasso, mwaka 1912, alivyobandika turubaini kitambaa cha meza kilichopigwa chapa ya ususi wa kiti, kisha akaizungushia picha nzima kamba. Na jinsi sahibu yake Braque, mwaka uo huo, alivyonunua huko Avignon karatasi za ukutani zenye sura ya mbao, akazikata na kuzigandisha kando ya michoro yake ya mkaa. Tulipokwisha kustaajabu, tukaagizwa magazeti makuukuu, viraka vya khanga na gundi.

Gundi ya dukani ilikuwa ghali, basi kina mama wawili wa darasani wakajitolea kupika ya unga wa ngano, wakaukoroga kwanza kwa maji baridi ili usifanye madonge, wakaumimina katika maji yachemkayo, na ikatoka laini na nyeupe hata mmoja wetu akaulizia sukari. Haijapoa, sisimizi wamekwisha kupata habari. Usiku panya nao wakaja, na kwa kuwa bahari ya picha yetu ilibandikwa kwa gundi nzito na jahazi kwa gundi hafifu, asubuhi tulikuta bahari yote imeliwa, na jahazi, salama salimini, limepwelewa juu ya kadibodi tupu.

Mwalimu alisema ni bora zaidi hivyo, akalitundika siku ya maonyesho. Wageni walipita mbele yake kwa kasi ya watu walioona sambusa upande wa pili, isipokuwa mzee mmoja, aliyevaa miwani, akasogea, akaanza kulisoma tanga, maana lilikatwa katika ukurasa wa tanzia.

“Marhumu ameacha wajane wawili na watoto... Watoto wangapi?”

“Babu, hilo ni tanga,” nikamwambia.

“Nami ndiyo nauliza, mwanangu: matanga yako wapi?”

Akatoka hapo akaenda kwenye mnazi wa jirani, uliofanywa kwa tangazo la saruji, akataka kujua bei iliyokatwa na mkasi. Mwalimu alighadhibika kimyakimya. Lakini mimi nilimkumbuka Kurt Schwitters wa Hannover, ambaye mwaka 1919 alikata katika tangazo la benki kipande kilichobakiwa na herufi MERZ, naye, badala ya kuitazama karatasi kama karatasi, aliisoma, akaipa sanaa yake yote jina hilo. Ikiwa fundi mwenyewe alishindwa kujizuia kusoma, mzee wetu ana kosa gani? Yeye peke yake ndiye aliyesimama mbele ya kila picha mpaka akaimaliza. Na mtu yuyo huyo, alipopewa gazeti zima la siku ile ili atulie, alilikunja akajipepea.