Kutoka Kimara Mwisho

Saa nne usiku, nyumba nzima ikiwa imelala, mimi hukimbia kilomita 90. Nakimbia nikiwa chali kwenye kochi, simu nimeiegemeza kitambini, sahani ya chapati iko jirani nisije nikaishiwa nguvu katikati ya mlima.

Mbio zenyewe zinaitwa Comrades, za Afrika Kusini, kati ya Durban na Pietermaritzburg. Kwa kawaida mwaka huu watu wanapanda kutoka pwani, mwaka unaofuata wanateremka. Zilianza 1921 kwa kuwakumbuka askari waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Siku hiyo walianza watu 34, wakamaliza 16. Siku hizi wanajitokeza kwa maelfu, na unapewa saa 12 tu. Saa zikitimia, mtu anasimama kwenye mstari wa kumalizia, anawapa mgongo wanaokuja, anafyatua bastola. Anawapa mgongo makusudi, asije akamwona aliyebakiza hatua mbili akamwonea huruma. Mlio ukisikika, njia inafungwa. Uwe umekimbia tangu alfajiri, ukachelewa sekunde moja, basi hukukimbia.

Mshindi simjali. Yeye kafika zamani, kaoga, kala. Machozi hunitoka kwa yule wa mwisho kabisa kupita, anayevuta mguu kama mzigo wa mtu mwingine. Ndipo nikajua ninachokitaka maishani: nataka kuwa wa mwisho. Wa mwisho anayehesabiwa.

Nilimweleza mama watoto.

"Kilomita tisini? Kwani hakuna basi?"

"Lipo."

"Na huyo wa mwisho wanampa nini?"

"Medali ya shaba. Ndogo hivi." Nikamwonyesha kwa kidole. Akakitazama kidole, akazima taa.

Gizani nikamkumbusha Mzee John Stephen Akhwari wa Mbulu. Marathoni ya Olimpiki, Mexico, 1968: alianguka njiani, goti likaumia vibaya, akafungwa bandeji, akachechemea mpaka akaingia uwanjani usiku, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kuchukua dhahabu. Walianza watu 75, wakamaliza 57, na wa 57 alikuwa yeye. Hebu muulize mtu yeyote mtaani ile marathoni alishinda nani, atakutolea macho. Lakini Akhwari wanamjua. (Tena wengi hawasemi kwamba miaka miwili baadaye, Edinburgh, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, alishika nafasi ya tano. Huyu hakuwa mtu wa kuchechemea kwa mazoea.)

"Akhwari aliumia akikimbia," sauti ikanijibu kutoka upande wa ukutani. "Wewe juzi umeteguka kiuno ukifunga kamba za viatu."

Kesho yake niliandaa ratiba. Hapo hakuna wa kunishinda. Wiki 24, kijani siku za kasi, njano za milima, nyekundu za mapumziko; nikaipeleka ikavishwa plastiki, nikaibandika kwenye friji. Wiki ya kwanza niliitimiza bila kukosa hata siku moja. Niliianza kwa nyekundu.

Raba nilichukua mtumba. Zilikuwa nzuri, za kampuni kubwa, ila mwenye nazo wa kwanza alikuwa na matege, na soli zilikuwa bado zinamkumbuka. Kila nikikanyaga, mguu wa kulia ulitaka kwenda alikokwenda yeye. Nikanunua na tochi ya kufunga kichwani, kwa sababu huku kwetu alfajiri unaweza kuingia mtaroni ukiwa umesimama. Mama wa vitumbua aliponiona nateremka kilima na taa moja mbele alinisimamisha. Alidhani ni bodaboda. Na bodaboda wenyewe, kila nikiwapita kijiweni, swali lao lilikuwa moja: "Mzee, kaelekea wapi? Tukusaidie kumkamata?"

Baada ya miezi miwili nilikuwa nimeshakimbia kilomita sita mara mbili. Nikaona niko tayari kwa majaribio makubwa. Nakaa Kimara Mwisho, kituo ambacho jina lake pekee lilikuwa ishara tosha. Kutoka hapo mpaka Kivukoni, kwa kuifuata Barabara ya Morogoro, ni kilomita 15 na ushee, na kwa sehemu kubwa ni kuteremka. Ule ungekuwa mwaka wangu wa kuteremka. Washiriki: mmoja. Kuanza: saa kumi na moja alfajiri. Mwisho: saa mbili kamili asubuhi. Najua, saa tatu zinamtosha mtu anayetembea huku anamenya karanga. Lakini sheria lazima iwepo. Mama watoto akakubali kunisubiri Kivukoni akiwa amenipa mgongo, na mtoto wetu wa darasa la tatu akabidhiwe filimbi badala ya bastola. Alikubali upesi mno mpaka nikashtuka, kisha nikakumbuka kwamba Soko la Feri liko palepale, na sisi samaki hatujala siku nyingi.

Sasa, kule Comrades wana desturi moja. Mwaka 1948 bwana mmoja, Max Trimborn, aliwika kama jogoo kwenye mstari wa kuanzia, na mpaka leo sauti yake iliyorekodiwa husikika kabla ya mlio wa bunduki. Mimi sikuhitaji rekodi. Jirani ana jogoo aliyekuja naye kutoka Singida. Waliosema jogoo wa shamba hawiki mjini hawajawahi kupanga Kimara.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe nilitazama video za wa mwisho mpaka simu ikazimika, na umeme nao ukawa umekatika. Jogoo akawika. Nikaruka, nikapaka mafuta ya mgando panapostahili, nikafunga tochi, nikatoka mbio. Kituoni hapakuwa na mtu. Hapakuwa na basi, hapakuwa na adhana. Nikasema kweli watu wa mji huu ni wavivu. Mbele kidogo, kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mlinzi mmoja mtu mzima alinimulika.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani anakufukuza?"

"Hakuna mzee. Mazoezi."

"Saa nane hii?"

Tulikaa pamoja saa tatu nzima. Ana muhogo wa kuchoma mzuri sana yule mzee, na ukaidi wa kukaribisha. Kwa hiyo saa kumi na moja ilipotimia nilianza safari nikiwa na vipande vitano vya muhogo, vikombe vinne vya kahawa na usingizi.

Mpaka Ubungo nilikuwa Akhwari kabla hajaanguka. Baada ya Shekilango, muhogo ukaamka. Fulana ya pamba nayo, ikilowa jasho, hugeuka msasa, na mahali pa kupaka mafuta nilikuwa nimesahau pawili, kifuani, kushoto na kulia. Manzese nikapitwa na mkokoteni wa mananasi. "Pembeni, mzee!" Kupitwa nilikubali. Kilichoniuma ni kwamba mbele kidogo alisimama akapiga simu, nikampita, akaongea yake yote mpaka salamu za shangazi, akamaliza, akanipita tena.

Magomeni basi la mwendokasi lilinipita taratibu, likielekea kituoni. Dirishani mwanangu alikuwa ananipungia filimbi. Mama yake alikuwa anatazama mbele, kama abiria asiyemjua mtu.

Kipande cha Jangwani kwenda Fire sitakisimulia.

Kivukoni nilifika nikiwa nimeinama upande wa yule mwenye matege. Nikamuuliza kijana wa chaji saa ngapi.

"Mbili na thelathini na saba."

Basi tena. Lakini mlangoni kwa Feri nikamwona mama watoto, amenipa mgongo barabara, kama tulivyokubaliana, ila mkononi ameshika mkia wa kolekole na anamwambia muuzaji maneno mazito. Pembeni yake mtoto, filimbi iko shingoni.

"Hujapuliza?" nikamuuliza, pumzi hazitoshi.

"Mama kasema nisipulize mpaka wapatane."

Niliganda. Kwa hiyo saa zangu hazijatimia! Mbele yangu hakuna aliyefika, nyuma yangu hakuna anayekuja; mimi ndiye wa mwisho, na mstari uko wazi. Ila nilikuwa nimefika kwa kutembea, tena kwa ubavu, na jambo kama hilo haliwezi kumalizwa hivyo. Nikamwambia mtoto anitazame. Nikarudi nyuma hatua kama ishirini, nikapanga fulana, nikainua mikono juu kama ninavyowaona wenzangu wa usiku, nikaanza kuja.

Nilikuwa nimebakiza hatua mbili muuzaji aliposhusha elfu moja. Filimbi ikalia.

Mama watoto akageuka. "Umeshafika? Haya, shika," akanipa samaki.