Barua ya Wazi kwa Kamati ya Maadhimisho ya Siku ya Usonji

Ndugu Mwenyekiti,

Pokea pongezi zangu kwa maadhimisho ya 2 Aprili wilayani kwetu. Tangu Umoja wa Mataifa uitenge siku hii mwaka 2007, sidhani kama kuna mahali watu wenye usonji wamewahi kupigiwa matarumbeta ya nguvu kiasi kile. Spika mlizielekeza kwenye hema la watoto, wale wale ambao mshereheshaji alitutangazia, kwa sauti ya kupasua bati, kwamba hawapendi kelele. Watoto waliziba masikio kwa viganja. Kwenye picha zenu nimeona mmeandika kuwa wanashangilia.

Ratiba ilisema saa 3:00 asubuhi. Sisi wenye usonji tuna udhaifu wa kuamini kilichoandikwa, hivyo saa 3:00 mimi na mwanangu tulikuwa tumeshaketi. Mgeni rasmi alifika saa 6:00 na ushee, akasema itifaki imezingatiwa, kisha akaizingatia upya kwa jina na cheo cha kila mmoja. Muda wote huo fulana mlizotugawia zilikuwa zinamwasha mtoto shingoni. Nikaazima mkasi wa kukatia utepe, nikamtolea lebo, halafu nikatoa na ya kwangu.

Katibu wenu alipouliza, nikamweleza kwamba nami nina usonji. Akacheka kwa adabu: “Baba, sasa wewe mbona umeoa?”

Nimeoa, ndiyo. Na daktari alipokuwa akitusomea dalili za mwanetu, mke wangu hakumtazama daktari, alinitazama mimi. Ile ya kutowaangalia watu machoni ndiyo iliyonichekesha zaidi. Nimelelewa na bibi ambaye kwake mtoto kumkodolea macho mkubwa ni utovu wa nidhamu, nami nikainamisha kichwa utoto wangu wote, mtaa mzima ukinisifu kwa heshima. Mwanangu akifanya hivyo hivyo anaandikiwa rufaa. Shikamoo nayo haimtoki, basi majirani wameshahukumu kuwa baba yake hakumfunza. Hawajui kwamba baba yake huanza kuikariri shikamoo tangu kwenye kona ya duka, pamoja na za nyumbani, za kazi na za watoto, kwa mpangilio huo huo, na mtu akiruka moja, yote yanampotea.

Nikaamua kwenda kupimwa. Dirishani nikaulizwa, “Mgonjwa yuko wapi?” Nikakalishwa kwenye kiti cha plastiki cha chekechea, magoti yakikaribia kidevu, nikapewa fomu inayouliza kama nimeanza kutembea na kama naenda chooni mwenyewe. Nilijaza kwa uaminifu.

Donald Triplett wa Mississippi, Marekani, ndiye wa kwanza kwenye orodha ya watoto wenye usonji ambao Dk. Leo Kanner aliwaeleza mwaka 1943. Mtoto huyo alikua, akafanya kazi benki, akacheza gofu, akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Nahofia angefika kwenye dirisha lile angeambiwa aje na mama yake.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 takriban mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Limesema mtu, Ndugu Mwenyekiti. Kwenye hotuba zote za siku ile nilisikia “watoto wetu hawa”, “malaika wetu hawa”. Malaika hahitaji ajira wala bima, kwa hiyo naelewa kwa nini jina hilo linapendwa na wenye bajeti.

Mwanangu naye ana nia ya kukua. Naomba kamati yako ipeleke juu ombi dogo: fomu yenye nafasi ya mtu aliyeota ndevu, na daktari aliyefunzwa kumpokea akiwa nazo. Fomu yenyewe ni karatasi moja, na posho ya kikao chenu kimoja inatosha kuichapisha.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mzazi mwenye usonji, baba wa mtoto mwenye usonji