Kipimo ni Harusi ya Jana

Hakuna neno linalonipandisha homa kama "nimeboresha". Hapa Kashikishi, Zambia, ufukweni mwa Ziwa Mweru, homa hatujapungukiwa. Mbu wa wilaya ya Nchelenge wana sifa hadi kwa watafiti wa malaria. Lakini homa ya mbu ina dawa. Ya fundi haina.

Fundi wangu ni shemeji, mdogo wake mke wangu, kwa hiyo hafukuzwi, hadaiwi, wala hakaripiwi mbele za watu. Kibanda changu kinanakili video: harusi, kwaya, filamu za Nigeria. Kila Julai, mfalme wetu Mwata Kazembe akishacheza ngoma ya Mutomboko kule Mwansabombwe, kila aliyehudhuria anataka kujiona kwenye flashi. Kompyuta inatumia Linux, kwa sababu shemeji alisema haishikwi na virusi. Ni kweli, virusi sijaviona. Nimemwona yeye.

Sasa sikiliza. Programu yenye adabu haianzi kumwaga video kubwa kwenye diski hivi hivi. Kwanza huuliza mfumo wa mafaili: nina mzigo wa gigabaiti sita, nafasi ipo? Ikiwepo inatengwa. Isipokuwepo, jibu linakuja hapo hapo, kabla mteja hajakaa na kuanza kuulizia soda. Linux ina amri ya kazi hiyo, fallocate, tangu kerneli (kiini cha Linux) 2.6.23 ya mwaka 2007. Ni ya haraka kwa sababu haiandiki chochote. Inatia alama tu kwamba bloku hizi za diski zina mwenyewe, ingawa bado hazijaandikwa.

Ndivyo tunavyosafiri kwenda Kisiwa cha Kilwa, Kilwa ya hapa Mweru, si ile ya Lindi. Mama anatandika kitenge chake kwenye ubao wa boti, kisha anarudi sokoni kununua chumvi. Ubao umeshikwa, ingawa hakuna aliyekaa. Nahodha asiye mwaminifu atauuza tena, au atatangaza boti limejaa wakati lililojaa ni vitenge. Baya kuliko yote, mama akirudi na kuinua kitenge, anakuta chini yake mfuko wa samaki wa abiria wa jana.

Hilo la samaki limewahi kutokea kwenye kompyuta. Bloku zilizotengwa bila kuandikwa huwa bado na mabaki ya faili lililofutwa, na ni wajibu wa mfumo kumwonyesha msomaji sifuri tupu hadi kitu kipya kiandikwe. Mwaka 2012 ilitangazwa hitilafu katika mfumo wa ext4: kazi mbili zikikimbizana, alama ya kwamba bloku bado haijaandikwa iliweza kukosewa, na mtumiaji wa kawaida akasoma mabaki ya faili lililofutwa. Kerneli 3.4.16 ikaja na tiba. Hebu fikiria unafungua faili lako jipya la hesabu za duka, unakuta barua ya mapenzi ya mzee wa kanisa.

Ndiyo maana watengenezaji wa Linux hawamwamini fundi, hata awe shemeji. Wana mkusanyiko wa majaribio uitwao xfstests, ulioanzia kampuni ya SGI kwa ajili ya mfumo wa XFS, na leo unapima ext4, Btrfs na mingineyo. Kila jaribio lina namba yake na jibu lililoandikwa mapema. Linatenga nafasi, linajaza diski hadi pomoni, linatoboa tundu katikati ya faili, linasoma tena. Jibu likitofautiana hata mstari mmoja, umefeli. Hitilafu ikishatibiwa, mara nyingi huandikiwa jaribio lake, ili siku ikirudi kwa mlango wa uani ikamatwe. Na majaribio yale yale hurudiwa kerneli inapoguswa, hata aliyeigusa akiapa kwamba mkono wake ulikuwa upande mwingine kabisa.

Kuna majaribio mengine yananichekesha kwa uchungu. Yanauzima mfumo wa mafaili ghafla katikati ya kazi, kisha yanaufungua upya kuona nini kimesalimika. Yaani wenzetu wamekaa chini wakaandika programu ya kuigiza kukatika kwa umeme! Mwaka 2024, ukame uliposhusha maji ya bwawa la umeme la Kariba, Zambia nzima iligawana giza. Wangeniletea diski zao hapa, ningewapimia bure.

Shemeji ana jaribio moja tu: anawasha, picha ikionekana, anaomba nauli. Majuzi aliiboresha diski yangu ya nje kwa kuiwekea FAT32, eti ifunguke kwenye televisheni yoyote. Televisheni zimefunguka kweli. Lakini FAT32 haikubali faili moja la zaidi ya gigabaiti 4, wala haina ile alama ya kutenga bila kuandika, hivyo anayetaka nafasi lazima aijaze bloku kwa bloku, na mteja anaota mvi kwenye benchi.

"Shemeji," nikamwambia, "diski ni tupu, mbona inakataa harusi?"

"Harusi ndefu, shemeji."

"Jana ilikubali harusi hiyo hiyo."

"Jana nilikuwa sijaboresha."

Mtu anakupa ushahidi dhidi yake mwenyewe, halafu bado ananyoosha mkono apewe nauli! Huko kwenye kerneli, aliyevunja cha jana hurudishiwa kazi yake akaitengeneze. Mimi nikimrudishia shemeji kazi yake, mke wangu ananirudishia sahani tupu.

Kwa hiyo nimeweka sheria ya nyumba, na mke wangu ni shahidi. Kila fundi atakayesema ameboresha atanakili mbele yangu harusi ile ile ya jana, nzima, kuanzia bwana harusi alipochelewa hadi keki ilipokatwa. Tukifika kwenye keki, nauli ipo.