Mpeni Mtoza Ushuru Mkokoteni wa Maji

Kwa Mheshimiwa yeyote atakayegawa ruzuku ya kuzuia maradhi ya chakula, Bujumbura

Mheshimiwa,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la mama anayetulisha wali, maharagwe na ndagala, tumbo likiwa bado limetulia. Nimeona nikuwahi kabla fungu lijalo halijapangiwa semina.

Nyayo za fedha hizi tunazijua. Kwanza huingia hotelini, penye kiyoyozi, zikaelezwe hali ya mtaani. Kisha huvaa fulana. Kisha hupanda juu ya bango: nawa mikono kwa maji safi na sabuni. Zikifika kwetu huwa zimechoka, zimebaki picha ya pamoja.

Bango ni zuri, sina ugomvi nalo. Kasoro yake ni moja tu: halitoi maji. Mama wetu anajua kunawa. Alifundishwa na mamake bila posho. Anajua pia kwamba chungu kikichemka vijidudu hufa, na kwamba hurudi kupitia beseni moja la kusuuzia sahani, lililojazwa alfajiri likahudumu hadi magharibi. Si ukaidi. Bomba likikauka, maji hununuliwa kwa bidoni, na bei ya bidoni ya pili ndiyo faida yake ya siku.

Kipindupindu hakisomi mabango. Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko tarehe 1 Januari 2023, watu wakiwa bado wanatakiana heri ya mwaka mpya, katika jiji lililokaa ukingoni mwa Tanganyika, ziwa la pili kwa kina duniani. Mgeni ukimwambia kwamba hapa maji ya kunawa ni shida, atadhani unamtania.

Hata hivyo tusikufuru; jambo likitakiwa huwezekana. Mwaka 2020, wakati wa korona, ruzuku iliingia ndani ya sabuni ya bluu yenyewe na bei ikashuka kwa nusu. Sikusikia mtu akiomba semina ya namna ya kununua sabuni ya nusu bei. Na tarafa zetu si wageni wa fedha: kupitia mfuko wa FONIC, serikali iliamua kuipa kila tarafa faranga milioni 500 kwa mwaka kwa miradi ya maendeleo. Bomba la sokoni nalo ni maendeleo, ingawa kulizindua hakuchukui muda.

Basi ombi langu: kazi hii apewe mtoza ushuru. Katika huduma zote za umma, yeye ndiye hufika kila meza, kila asubuhi, mvua au jua, bila mfadhili. Anajua nani kahamia kona gani, na nani kajificha nyuma ya gunia la makaa. Mpeni mkokoteni wa bidoni, mche wa sabuni na vidonge vya klorini. Akikata tiketi, amimine lita 20. Siku asiyokuja na maji, na tiketi aiache ofisini.

Zikibaki senti, bango lichapishwe kama kawaida. Ila mama anaomba safari hii liwe la turubai nene. Lile la awamu iliyopita ndilo paa la banda hili, na limeanza kuvuja.

Wako mtiifu,
Mteja wa wali wa mchana