Jinsi ya Kufuga Kupe kwa Mtaji wa Mbwa Mmoja

Hapa Rumonge, Burundi, kila mtu ana mradi. Huyu anakamua mawese, yule anaanika ndagala, mwingine anapika sabuni nyuma ya nyumba. Wewe usiye na michikichi wala mtumbwi usikate tamaa. Ukiwa na mbwa mmoja na uvivu wa kadiri, unaweza kuanza ufugaji wa kupe, mradi pekee katika mwambao huu usiosimama petroli inapoadimika.

Hali ya hewa iko upande wako. Kupe wa mbwa hupenda joto, nalo kando ya Ziwa Tanganyika halijawahi kupungua. Jike akishiba damu hujidondosha, hutambaa mpaka kwenye ufa wa ukuta, hutaga mayai elfu kadhaa, kisha hufa bila kudai mshahara. Unachotakiwa kufanya ni kutomshika mbwa wako. Hasa epuka ndani ya masikio, kati ya vidole, kwapani na chini ya ukanda wa shingo, maana huko ndiko mifugo yako inakolala. Chanuo ni marufuku. Mtu akikuuliza mbona mbwa wako Simba anajikuna usiku kucha, sema ndivyo alivyozaliwa.

Ukibanwa sana, jifiche nyuma ya dini. Mji wetu una Waislamu wengi, na katika madhehebu ya Shafii chombo alichokiramba mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Litaje hilo kwa sauti, kisha nyamaza. Usiendelee kusema kwamba mkono mkavu juu ya manyoya makavu haubebi najisi, wala usitaje glavu. Ukifika hapo wataanza kukuletea chanuo.

Kuogesha kunaruhusiwa, mradi kufanyike vibaya. Chukua kipande cha sabuni ya kufulia, kile kile kinachong'oa mawese kwenye shati, msugue mbwa mpaka ngozi ikauke na kupasuka, halafu usimsuuze vizuri. Ngozi iliyochubuka huwashwa, mbwa hujikwangua, na vidonda hukaribisha nzi. Wapo wanaopendelea kumpeleka ziwani kwenye matete. Huko kuna konokono wanaoeneza kichocho, kwa hiyo nawe hutarudi mikono mitupu. Mamba nao wapo. Gustave, yule mamba mkubwa wa mto Ruzizi aliyepewa jina na Mfaransa Patrice Faye, aliifanya Burundi ijulikane mbali kuliko timu yetu ya taifa. Mbwa anayepiga maji kwa miguu humwita mamba yeyote aliye karibu, hata asiye maarufu.

Kwa paka kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu mnyama huyu hujisafisha mwenyewe na hivyo kuhujumu mradi. Lakini ana msimu wake. Usiku wa giza wavuvi huwasha taa, ndagala hujaa majukwaani, na paka wa soko hurudi nyumbani ananuka kama boti. Mwezi ukiwa mpevu samaki huadimika naye hupungua mwili. Mtazame: paka mzima hujiramba kutwa. Akiacha, manyoya yakasimama na kushikana, huenda ana homa, jino bovu au figo zinazochoka. Mfugaji makini wa kupe hatambui tofauti hiyo. Vilevile ashukuriwe kiroboto: paka akimmeza katika kujiramba, hupata tegu bila gharama, na vipande vyake utaviona vimekauka kama punje za mchele pale anapolala, yaani kwenye mkeka wa babu.

Sasa mavuno. Kupe hawanyonyi tu, huacha vijidudu kwenye damu. Fizi za mbwa zikipauka, akaacha chakula, mkojo ukawa na rangi ya kahawa au damu ikamtoka puani, fahamu kwamba mradi umekomaa. Angewahiwa mapema kwa daktari wa mifugo angepona kwa dawa. Lakini ili kuwahi, ilibidi mtu ampapase kila juma na kugundua kupe wa kwanza, na sisi tulikubaliana kutompapasa.

Wengine huchoka mapema na kutaka kuufunga mradi kwa siku moja. Hao huazima dawa ya kuogeshea ng'ombe, hupima kwa jicho, hummwagia mbwa na, kwa kuwa imebaki, hummalizia paka. Hata permethrini iliyomo katika dawa nyingi za viroboto wa mbwa, ini la paka haliiwezi. Atatetemeka, atakakamaa, na mradi utafungwa kweli. Mafuta ya taa na kiberiti navyo vina mashabiki wake; kupe akiunguzwa hutema mate yake ndani ya kidonda kabla ya kuachia, jambo ambalo kibanio chembamba, kilichoshikwa karibu na ngozi na kuvutwa taratibu bila kusokota, kingelizuia.

Adui wa kuogopwa kuliko wote ni mtoto. Kila mtaa una mmoja, mwenye chanuo lililovunjika meno na kopo la maji ya sabuni, anayekaa chini ya mchikichi akimlaza mbwa ubavu, akitoa kupe mmoja mmoja na kuwatumbukiza koponi huku akiwahesabu kwa sauti. Hana mshahara, hana semina aliyohudhuria, na mbwa anampenda. Mtoto wa namna hiyo mtume sokoni haraka. Akirudi na chenji, mwambie amesahau chumvi.